Doa Jekundu kwa Mama Birika

Hebu jaribu kuiona pembe moja ya mtaa, mahali njia mbili zinapokutana, moja ya lami iliyobanduka na nyingine ya vumbi tupu. Kwenye pembe hiyo kuna ukuta wa duka lililofungwa siku nyingi, na chini ya ukuta kuna benchi: mbao mbili zilizolazwa juu ya matofali. Kando ya benchi kuna kibanda cha bati, na ndani ya kibanda yumo Mama Birika na jiko lake la mkaa na birika la shaba lililompa jina. Upande wa kushoto fundi baiskeli ametundika magurudumu kwenye misumari. Upande wa kulia fundi viatu amepanga viatu vya watu, mguu mmoja mmoja, maana mguu wa pili huuficha ndani ili mwenye kiatu asije akamsahau. Ni Jumanne, saa kumi alasiri. Sasa inua macho utazame ukutani, juu ya vichwa vya wanaoketi. Jana watu wa manispaa walibandika pale karatasi kubwa kama shuka. Ni ramani ya mji mzima, imetapakaa madoa madogo ya manjano na ya rangi ya chungwa. Mahali pamoja tu pameiva wekundu, kama jeraha. Ukiweka kidole chako kwenye wekundu ule kisha ukageuka kuona ni wapi, utajikuta unatazamana na birika.

Chini ya ramani pameandikwa kwa herufi kubwa kwamba kila doa ni tukio moja la uhalifu lililoripotiwa polisi, na kwamba madoa yanapokaribiana ndipo penye hatari zaidi. Pamoja na ramani ililetwa barua. Ilikuwa ya Mama Birika, na ilisema hivi: kibanda na benchi viondolewe ifikapo Ijumaa saa nne asubuhi, kwa kuwa mahali hapo ni kitovu cha uhalifu mjini. Mama Birika aliisoma mara mbili, akaikunja mara nne, akaisukumiza chini ya mguu wa meza yake inayoyumba. Meza ikatulia.

Wa kwanza kusema alikuwa fundi baiskeli. Wanamwita Breki, kwa sababu hakuna mazungumzo asiyoyasimamisha njiani.

Breki: Mimi nasema ni wino. Mashine yao ya kuchapia iliishiwa rangi zote ikabaki na nyekundu. Ilipofika kwetu ikamwaga iliyobaki. Basi, habari imeisha. Waambiwe wachape nyingine.

Aliyemjibu ni fundi viatu. Huyu huvaa miwani mbili kwa pamoja, moja ya kuonea sindano na moja ya kuonea watu, ndiyo maana wanamwita Profesa.

Profesa: Wino! Breki, kichwa chako kina pancha. Hii ramani haikuchorwa na mkono wa mtu. Imechorwa na setilaiti. Iko huko juu inatuangalia hata sasa. Wahenga walisema, ukiona vyaelea, vimeundwa.

Breki: Hiyo ni ya vyombo vya majini.

Profesa: Na setilaiti inafanya nini huko juu? Si inaelea?

Breki: Inaelea.

Profesa: Iliundwa, haikuundwa?

Breki: Iliundwa.

Profesa: Ahsante. Kunywa kahawa.

Mama Birika: Na hiyo setilaiti yako, Profesa, imemwona mwizi gani hapa kwangu?

Profesa: Bati, mama. Bati lako jipya. Jua la saa saba likilipiga, kule juu linametameta kama panga. Leo panga, kesho panga, mwaka mzima panga. Hebu ungekuwa wewe ndiye setilaiti, ungefanyaje?

Mama Birika: Ningeshuka ninywe kahawa, nione mwenyewe.

Wakacheka. Mwisho wa benchi alikaa Karani, na yeye hakucheka. Karani ni mzee mstaafu aliyeandika maneno ya watu mahakamani kwa miaka thelathini na moja. Hata leo hatoki nyumbani bila tai, na daftari lake la jalada gumu haliachi kwapa. Mwandiko wake ungeuona ungedhani umepigwa pasi. Alikohoa kidogo, kama alivyokuwa akikohoa mahakamani kila hakimu alipotaka kuingia.

Karani: Tusiifanyie mzaha hati ya serikali. Hati ni hati. Lakini mimi hapa naona njama. Wezi wenyewe ndio waliopeleka habari hizi. Fikirini vizuri. Ukiwa mwizi, unataka askari wakae wapi?

Breki: Mbali na mimi.

Karani: Naam! Basi unawaleta wakae hapa, wanywe kahawa, wapige soga. Na wewe huko kwingine unafungua milango ya watu kwa nafasi yako.

Profesa: Ndiyo maana wakasema haraka haraka haina baraka.

Breki: Hiyo nayo inaingiaje?

Profesa: Mwizi anayefungua kwa nafasi ana baraka.

Mimi ninayekusimulia ni mwalimu; nimewafundisha watoto methali hiyo miaka mingi, na sijapata kuiona ikiteswa namna ile.

Breki: Kama ni hivyo, ndugu zangu, tuko pabaya zaidi. Wezi nao wanajua kusoma. Mwizi wa mji mwingine akiiona karatasi hii atasema, ala, kumbe kazi iko pale! Kesho mtawaona wamepanga foleni hapa, na vyeti mkononi.

Mama Birika: Wakija watakunywa kahawa?

Breki: Wataiba hilo birika.

Mama Birika: Waje waliibe likiwa motoni. Tutawajua kwa vidole.

Profesa: Umesema kweli, mama. Penye wengi hapaharibiki neno.

Breki: Wengi wepi? Wezi?

Profesa: Hata wezi wanahitaji umoja.

Wakacheka tena, na safari hii hata Karani alitikisa mabega. Lakini Mama Birika alikuwa ameacha kumimina. Aliweka vikombe chini, akajipangusa mikono kwenye aproni, polepole, kidole kimoja baada ya kingine.

Mama Birika: Chekeni. Mnachekea benchi la nani? Nilianza na birika hili wiki ileile kiwanda cha nguo kilipofungwa milango. Miaka kumi na minne. Watoto wangu watatu wamesoma kwa moshi huu. Miaka kumi na minne sijapotelewa na kikombe hapa. Kikombe! Watu wanasahau miavuli, wanarudi wanaikuta. Wewe Breki ulisahau meno ya bandia ya baba yako hapa, ulirudi ukayakosa?

Breki: Niliyakuta, mama. Uliyafunika kwa kitambaa.

Mama Birika: Leo karatasi inaniita kitovu cha uhalifu. Kitovu ninacho kimoja, na nilizaliwa nacho. Sihami. Ijumaa wakija watanikuta hapahapa, na wakitaka kubomoa wabomoe nikiwa ndani.

Profesa: Nami nitakaa ndani pamoja nawe.

Breki: Kibanda hakiwezi kumbeba mama na tumbo lako.

Karani: Tuandike barua ya kupinga. Barua hushindana na barua.

Mama Birika: Andika.

Karani alifungua daftari, akalitandaza gotini, akavua kifuniko cha kalamu.

Karani: Tunapinga kwa sababu gani?

Profesa: Bati.

Breki: Wino.

Karani: Mimi ningependekeza njama.

Mama Birika: Kwa sababu ni uongo! Andika hivyohivyo. Uongo.

Karani: Mama yangu, neno uongo lina mguu mmoja. Mguu wa pili ni ushahidi.

Profesa alisimama ghafla juu ya benchi, akasogeza miwani zake zote mbili karibu na ramani mpaka pua ikagusa karatasi.

Profesa: Ushahidi huu hapa! Nimeshaona. Jamani, haya madoa ni sisi! Tazameni hili limejikunja, si Karani huyu? Na hili nono ni mimi. Kila tukikaa hapa, huko juu wanatutia doa. Jumatatu watu wanne, madoa manne. Jumanne wanne, manne. Hesabuni mwaka! Uhalifu wenyewe ndio sisi!

Breki: Shuka, Profesa, utavunja ubao.

Profesa: Asiyesikia la mkuu huvunjika guu!

Breki: Basi sikia la fundi mwenzako, ushuke.

Alikuwa bado hajashuka mtu aliposema hodi nyuma yao. Alikuwa mwanamke wa makamo, utepe wa kupimia nguo ukining'inia shingoni, mikono mitupu, kanga yake imechanika begani. Hakuna aliyemjua.

Mgeni: Shikamooni.

Breki: Marahaba.

Mama Birika: Breki! Umri gani huo ulionao wa kumwitikia? Karibu, mwanangu. Marahaba. Profesa, shuka, kuna mgeni.

Mgeni: Samahani. Natafuta mzee anayeandika. Nimetoka kituo cha polisi. Askari wa mezani kaniambia, nenda kijiweni kwa Mama Birika, yuko mzee wa tai, mwandiko wake unasomeka. Akishakuandikia, niletee.

Karani aliinyosha tai yake.

Karani: Umefika. Keti. Umepatwa na nini, mwanangu?

Mgeni: Nimeporwa, baba. Asubuhi, saa kumi na mbili na nusu, nakwenda kazini. Watu wawili wamenivuta mkoba mpaka nikaanguka. Ndani mlikuwa na mkasi wangu wa kukatia, na gauni la mteja nililolimaliza jana. Mimi ni fundi cherehani, nimehamia huku wiki mbili tu. Mkasi ule sijui nitaupata wapi tena.

Profesa: Pole sana, dada. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni.

Mgeni: Ahsante.

Mama Birika alimpa kikombe kabla hajaomba. Karani akachukua karatasi tupu, akaanza kuandika, akiyatamka maneno kwa sauti jinsi alivyozoea mahakamani, kila neno na pumzi yake.

Karani: “Mimi, fundi cherehani, mkazi wa mtaa huu kwa muda wa wiki mbili, siku ya Jumanne, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, niliporwa mkoba wenye mkasi mmoja na gauni moja na watu wawili nisiowafahamu. Mahali pa tukio: karibu na kijiwe cha Mama Birika.” Nukta. Soma, mwanangu, kisha utie saini.

Mgeni alisoma akifuata kwa kidole. Kidole kikasimama.

Mgeni: Baba, hapa.

Karani: Wapi?

Mgeni: Hapa ulipoandika hapa.

Karani: Ndiyo. Mahali pa tukio. Wana kisanduku chake kwenye fomu, lazima kijazwe.

Mgeni: Lakini mimi sikuporwa hapa. Hapa nimefika sasa hivi. Nimeporwa kule nyuma ya maghala, kwenye ule ukuta mrefu, chini ya taa iliyokufa. Toka kule mpaka hapa ni mwendo wa dakika ishirini.

Karani alitabasamu kwa upole, tabasamu la mtu aliyekwisha kueleza jambo hilo mara nyingi.

Karani: Mwanangu, wewe bado mgeni. Mitaa yetu haina vibao na nyumba zetu hazina namba. Nikiandika nyuma ya maghala, wataniuliza maghala yapi, tutakesha. Lakini kijiwe hiki kila mtu anakijua. Kwa hiyo mimi huandika karibu na kijiwe. Wao wanapokea, wanagonga muhuri, na mwenye shida anarudi nyumbani mapema. Ndivyo ninavyoandika siku zote.

Mama Birika alikuwa ameinua birika amjazie Breki. Birika likabaki hewani.

Mama Birika: Siku zote?

Karani: Siku zote, mama.

Mama Birika: Kwa kila mtu?

Karani aliutazama ukuta juu yake, kisha akalitazama daftari lake. Ni mtu wa utaratibu, na kila maelezo anayomwandikia mtu huyanakili humo, na jina la mwenyewe pembeni. Akaanza kufunua nyuma.

Mama Birika: Soma kwa sauti. Kama mahakamani.

Karani: “Kuvunjiwa dirisha na kuibiwa redio. Mahali pa tukio, karibu na kijiwe cha Mama Birika.” “Kuibiwa kuku watano. Karibu na kijiwe cha Mama Birika.” “Kuporwa simu. Karibu na kijiwe cha Mama Birika.” “Kuibiwa baiskeli...”

Breki: Ngoja! Baiskeli nyekundu ya yule mwalimu wa kwaya? Ile iliibwa ng'ambo ya reli. Nilikuwepo, mimi ndiye niliyewakimbiza!

Karani: “...karibu na kijiwe cha Mama Birika.” “Kuibiwa mbuzi wawili...”

Profesa: Mbuzi? Hapa? Wangepita wapi, chini ya benchi?

Karani aliendelea kufunua, lakini hakusoma tena. Midomo yake ilikuwa ikihesabu. Alipofika ukurasa wa kwanza aliliweka daftari gotini na kulifunika kwa viganja vyote viwili.

Karani: Miaka sita. Mia mbili na kumi na nne.

Breki: Mchimba kisima huingia mwenyewe.

Ilikuwa methali ya kwanza siku ile kugonga mlango uliokuwa wake, na hakuna aliyempongeza.

Mgeni hakuelewa wanachokitazama ukutani. Alifuata macho yao mpaka kwenye ramani, akausoma wekundu ule, akasoma maneno ya chini, akarudi kwenye daftari.

Mgeni: Samahani, mimi nauliza tu. Sasa hao watu mia mbili na kumi na nne, waliibiwa wapi?

Profesa alivua miwani moja. Akavua na ya pili. Breki alijikuta ameshika kikombe kitupu na kukipuliza. Jiko lilipasua kaa moja, pah.

Karani: Mama Birika, mimi ndiye niliyekuchora pale. Kwa mkono wangu huu. Kesho nitakwenda manispaa nikakiri.

Mama Birika: Ukakiri nini? Kwamba ulimsaidia kila aliyekuja analia? Hilo hata mimi nimelifanya, kwa kahawa. Kukiri kwako hakutawaambia ni taa ipi imekufa. Huyu dada ameangushwa asubuhi nyuma ya ukuta ule. Aliyemtangulia kuangushwa pale ni nani? Na kabla yake? Miaka sita! Na askari wa doria miaka sita wanatumwa wapi? Si hapa, kwenye benchi langu, wananilinda mimi na birika! Nilidhani wanapenda kahawa.

Mama Birika akaligeuza birika juu chini mbele yao. Tone moja lilidondoka vumbini.

Mama Birika: Kahawa imekwisha.

Breki: Hata saa kumi na moja bado, mama!

Mama Birika: Imekwisha. Kuanzia sasa anayetaka kikombe aniletee mahali. Karani, daftari lina majina ya watu?

Karani: Lina majina, na ninawajua karibu wote.

Mama Birika: Basi gawaneni watu hao. Kila mmoja aende kwa aliyeibiwa, amshike mkono, amwambie nipeleke palepale. Kwa miguu. Aandike ni hatua ngapi kutoka nguzo ipi, ukuta wa nani, taa inawaka au haiwaki. Ijumaa saa nne wanikute nimebandika ramani yetu kando ya hiyo yao. Wasome mbili, ndipo washike nyundo.

Profesa: Mia mbili na kumi na nne, kwa siku mbili na nusu? Mama, wahenga walisema...

Mama Birika: Waache wahenga wapumzike, umewachosha. Kama mia mbili hawawezekani, leteni hamsini. Hamsini wakishindikana, leteni kumi. Kumi wa kweli wanatosha kumuuliza mtu wa manispaa swali la huyu dada, na yeye akose jibu mbele ya watu kama tulivyokosa sisi. Na akipata hamu ya kubomoa baada ya hapo, mimi nipo ndani.

Breki alikwisha kushusha gurudumu msumarini na kulitia kwenye baiskeli yake.

Breki: Ng'ambo ya reli ni yangu. Naanza na mwalimu wa kwaya.

Profesa: Basi mimi wenye mbuzi. Nataka nijue walipita wapi.

Karani aliichukua tena ile karatasi ya mgeni. Kwa miaka yote ile mahakamani, akikosea neno moja aliichana karatasi nzima na kuanza upya, kwa maana hapendi kuona doa kwenye kazi yake. Safari hii alipitisha kalamu juu ya mstari wa mwisho, mara moja, nene, akaacha ukurasa uonekane umekosewa.

Karani: Mwanangu, ile taa iliyokufa ni nguzo ya ngapi kutoka geti la maghala?

Mgeni: Sikuhesabu, baba. Nilikuwa nakimbia.

Karani: Basi twende tukahesabu.

Wakaondoka, yeye na tai yake, mgeni na utepe wake shingoni. Mama Birika alikaa mlangoni mwa kibanda, mikono kifuani, akiutazama ule wekundu ukutani kama mtu anayemtazama jirani mkorofi.

Nawe uliyesikiliza mpaka hapa, nina ombi dogo. Shuleni mtoto huanguka uwanjani, akaja kulilia mlangoni mwa darasa, kwa sababu pale ndipo anapojua atasikilizwa. Ukimkuta mlangoni analia, kumbuka kumuuliza alikoangukia, kabla hujaung'oa mlango.